GL-4 au GL-5? Kuchagua na kubadilisha oili ya giaboksi ya manyuali

Makopo mawili yamesimama kaunta. Yote yameandikwa 75W-90, yote ni ya lita moja, yote yamechorwa gurudumu la meno ubavuni. Tofauti iko kwenye maandishi madogo: moja GL-4, jingine GL-5. Ukimuuliza muuzaji, mara nyingi atakusogezea la GL-5, na hoja yake ni hesabu ya darasa la kwanza: tano ni kubwa kuliko nne. Hata mimi niliwahi kuikubali hesabu hiyo. Nilijaza GL-5 kwenye giaboksi ya gia tano isiyokuwa na kosa lolote, na wiki za mwanzo nikajipongeza. Baadaye, asubuhi gari likiwa bado la baridi, nikitoka namba moja kwenda mbili, nikaanza kusikia mkwaruzo mfupi, krr, kama kijiko kinachoburuzwa juu ya sinia la bati. Nikailaumu klachi. Klachi haikuwa na hatia.

Nne na tano

Namba hizi za GL, zinazotolewa na API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), hazipandi kama madarasa ya shule. Kila moja inaeleza kazi. GL-5 ilitungwa kwa ajili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yenye meno ya haipoidi, yaani ile ambayo pinioni, gia ndogo inayosukuma, imekaa chini ya mstari wa katikati wa kraunwili, gia kubwa inayosukumwa. Kwa mkao huo meno hayabingirishani tu, yanaburuzana kwa urefu wake huku yakibeba mzigo wote wa gari. Utando wa oili hukamuliwa ukatoka, na chuma kikabaki kinagusa chuma. Hapo ndipo viungio vya salfa na fosforasi vinapoingia kazini: joto la msuguano huvishikamanisha na uso wa chuma, vikafanya ngozi nyembamba inayolika badala ya jino lenyewe. Salfa hiyo ndiyo inayoipa oili ya gia ile harufu kali ambayo ikishaingia kwenye ovaroli haitoki hata ufue mara tatu. GL-4 ina viungio vya aina hiyohiyo, ila kwa kawaida kiasi chake ni kama nusu.

Sasa njoo kwenye giaboksi. Shafti zake zimelala sambamba, meno yamekatwa mshazari, na kuburuzana ni kidogo. Dozi ya difu haihitajiki humo. Kilichomo, na ambacho difu haina, ni sinkronaiza: pete ambazo kwenye giaboksi nyingi ni za shaba ya njano, zenye mifereji myembamba upande wa ndani kama nyuzi za bolti. Ukivuta gia ya pili, pete inabanwa kwenye koni ya gia hiyo, inaikamata kwa msuguano, inaipunguza au kuiongeza mwendo mpaka zilingane, ndipo meno yanaingia kimya. Yote hayo huisha chini ya sekunde moja. Pete inategemea kukwama kidogo, na ile mifereji ipo ili ikate utando wa oili upesi. Ipe oili inayoteleza mno, itapita juu ya koni bila kushika, na meno yatakutana kabla mwendo haujalingana. Mkwaruzo wangu wa asubuhi ulikuwa huo.

Shtaka la pili dhidi ya GL-5 ni kwamba salfa yake inakula shaba. Lina ukweli. Kuna kipimo kinachojulikana kama ASTM D130: kipande cha shaba kilichong'arishwa huzamishwa kwenye oili ya moto kwa saa kadhaa, kisha rangi yake hulinganishwa na alama kuanzia 1a, shaba iliyofifia kidogo, mpaka 4c, nyeusi tii. GL-5 za zamani ziliiunguza shaba vibaya. Za siku hizi nyingi zina salfa iliyotulizwa na hufaulu kipimo hicho vizuri tu. Kwa hiyo mafundi wanaosema GL-5 "itayeyusha" pete kwa mwezi mmoja wanatia chumvi. Kwa maoni yangu, la kuhofia zaidi ni kuteleza, na hilo halionekani kwenye kipande cha shaba.

Ila usiondoke hapa ukidhani GL-4 ni salama kila mahali. Chukua Subaru ya manyuali: difu ya mbele, yenye meno ya haipoidi, imo ndani ya nyumba moja na giaboksi na zinakunywa oili moja. Kiwanda kinataka GL-5 75W-90, na pete zake zimechaguliwa kwa kulijua hilo. Ukiweka GL-4 kwa nia njema ya kulinda shaba, unaiachia difu nusu ya kinga yake. Magari mengi ya kuvuta mbele yenye injini iliyolala kukingama nayo yana difu ndani ya giaboksi, lakini humo meno ni ya mshazari, si ya haipoidi, kwa hiyo GL-4 inatosha. Magari mawili yanaweza kufanana kwa nje na kuhitaji oili tofauti, na ndiyo maana kitabu cha gari kinasomwa kabla ya kopo.

Halafu kuna makopo yanayoandika zote mbili, GL-4/GL-5. Hapa nakuwa mgumu. Oili yenye dozi kamili ya GL-5 itayalinda meno kama GL-4 inavyotaka, kwa hiyo kiwanda kikiandika zote mbili hakidanganyi. Ila alama ya GL inazungumzia ulinzi wa meno, haiahidi lolote kuhusu sinkronaiza. Geuza kopo usome nyuma. Kama hakuna mahali pameandikwa kwamba inafaa kwa giaboksi zenye sinkronaiza, ichukulie kuwa ni GL-5 iliyovaa koti la pili. Na kama kitabu cha gari chenyewe kinaruhusu yoyote kati ya hizo mbili, kama vitabu vya baadhi ya Toyota vinavyofanya, mimi huchukua GL-4 bila kufikiri mara mbili.

GL-1 mpaka GL-3 utazikuta kwenye vitabu vya magari na matrekta ya zamani. MT-1 ni ya giaboksi za malori na mabasi zisizo na sinkronaiza, haihusu gari la nyumbani.

75W-90, 80W-90, 85W-140

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba 90 ya gia ni nzito maradufu kuliko 40 ya injini. Ni mizani miwili tofauti, kama kupima kitambaa kimoja kwa mita na kingine kwa yadi. Na namba yenye W inahusu oili ikiwa ya baridi, inayofuata inahusu ikiwa ya moto. Angalia:

| Oili | Mnato ikiwa 100°C (mm²/s) | Baridi inayopimiwa |
|---|---|---|
| Gia 75W-90 | 13.5 hadi 18.5 | −40°C |
| Gia 80W-90 | 13.5 hadi 18.5 | −26°C |
| Gia 85W-140 | 24 hadi 32.5 | −12°C |
| Injini 10W-40 | 12.5 hadi 16.3 | kipimo kingine |

Mstari wa kwanza na wa pili ukiwa moto ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye dakika kumi za mwanzo. Hata mahali ambapo barafu haijawahi kuonekana, asubuhi oili ya 80W-90 huwa nzito kidogo kuliko 75W-90, na dereva anaihisi kwenye mkono: gia ya pili inataka kusukumwa. Gari likishapata moto, hakuna atakayezitofautisha. Kwa hiyo kama kitabu kinataja 75W-90 na umepata 80W-90 GL-4 tu, kwenye joto haitaiua giaboksi, utavumilia ugumu wa asubuhi. Penye baridi kali jibu ni jingine: tafuta 75W.

Tofauti ya bei kati ya hizo mbili inatokana na kilichomo. 80W-90 kwa kawaida ni oili ya madini. 75W-90 ni vigumu kuitengeneza bila mafuta ya msingi ya sintetiki, kwa sababu inatakiwa itiririke kwenye baridi kali na bado ibaki nzito kwenye joto. Sintetiki pia huvumilia joto kwa muda mrefu kabla haijachakaa. Gari linalobeba mizigo au kupanda milima kila siku litafaidika nayo. Gari la kwenda kanisani na kurudi linaweza kuishi na ya madini, mradi ibadilishwe kwa wakati.

85W-140 naitaja kwa sababu moja tu: kuna wanaoimimina kwenye giaboksi iliyochoka ili inyamaze. Nayo hunyamaza kweli. Beringi iliyolika huzungukwa na uji mzito, mlio ukafifia, mnunuzi akatabasamu. Ni jamaa wa ule ujanja wa zamani wa kutia unga wa mbao ndani ya giaboksi kabla ya kuuza gari. Beringi inaendelea kulika, gia zinakuwa ngumu, na pete za sinkronaiza zinateseka kuukata utando mnene kiasi hicho. Ukinunua gari lililotumika na gia zake ni ngumu kuliko kawaida lakini kimya kupita kiasi, mwaga oili uione.

Jambo dogo linalosahaulika: oili iliyoandikwa LS ina kiungio cha ziada cha utelezi kwa ajili ya difu zenye klachi ndani yake. Kwenye giaboksi yenye sinkronaiza haina kazi, na madhara yake ni yaleyale ya kuteleza.

Nyekundu, ya injini, na za kiwanda

Siku moja nilifungua bolti ya chini ya giaboksi ya manyuali, ikatoka oili nyekundu nyembamba, na kijana aliyekuwa akinimulikia tochi akasema, "Huyu fundi wa kwanza alichanganyikiwa, kaweka ya otomatiki." Hakuchanganyikiwa. Ziko giaboksi za mkono zilizobuniwa kutumia oili ya otomatiki, ATF. LT77 ya Land Rover ni mfano unaojulikana. ATF ya aina ya Dexron III ina mnato wa karibu 7 ukiwa kwenye 100°C, yaani nusu ya 75W-90 au pungufu. Ukiiona nyepesi hivyo ukaamua kuihurumia giaboksi kwa kuiwekea 90, gia zitakuwa ngumu mara moja, na njia nyembamba za oili ndani yake hazitapitisha uji huo vizuri likiwa la baridi.

Honda nao wana oili yao ya giaboksi, MTF, na vitabu vyao vya zamani viliruhusu oili ya injini ya 10W-30 au 10W-40 pale MTF inapokosekana. Hakuna salfa nyingi humo. Mwenye Honda anayeshauriwa aweke 75W-90 GL-5 "kwa sababu ni ya gia" anapotoshwa mara mbili, kwa mnato na kwa kemia.

Kati ya hizi zote, nikilazimika kuchagua bila kitabu na bila mtu wa kumuuliza, nitafanya nini? Sitabahatisha. Namba ya giaboksi imepigwa kwenye nyumba yake au iko kwenye kibandiko cha gari, na kwa namba hiyo unapata oili yake. Rangi usiitegemee hata kidogo: ni dawa ya rangi tu, na oili ya zamani ya kila aina huishia kuwa ya kahawia.

Kuongeza au kumwaga yote?

Vitabu vingi hutaja mabadiliko kila kilomita 40,000 hadi 100,000. Vingine husema oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani? Giaboksi nyingi za manyuali hazina filta, chembe zote za chuma na shaba zinazolika hubaki zikizunguka humo, isipokuwa zile zinazonaswa na sumaku. Mimi sivuki 60,000 kwa gari linalofanya kazi nzito. Na gari lililopita kwenye maji yaliyofika usawa wa giaboksi halingoji kilomita: chuma cha moto kikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hunywea, na maji huvutwa kupitia tundu la kupumulia. Oili ikishakuwa rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo.

Kuongeza tu kuna mahali pake, pale sili inapovuja kidogo na oili yenyewe bado ni changa. Lakini oili ya gia haiungui ikaisha kama ya injini. Ikipungua, imetoka mahali. Kuongeza bila kutafuta ilipotokea ni kuahirisha.

Chini ya gari

Endesha robo saa kwanza ili oili ipate moto na chembe zielee. Gari liwe limesimama sawa, mbele na nyuma usawa mmoja, juu ya stendi au juu ya shimo. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Kisha fungua bolti ya juu, ya kujazia, kabla ya kugusa ya chini. Hili nimelilipia. Nilimwaga oili yote, nikafuta mikono, nikaifuata bolti ya kujazia, ikakataa. Ilikuwa imekaa na kutu miaka, spana ikaikwangua kona zote, na gari likabaki kavu, haliwezi kwenda popote. Kama ningeanza na ya juu, ningeliendesha mwenyewe hadi kwa fundi, na oili ya zamani ikiwa bado ndani.

Bolti ya chini ikitoka, iangalie kabla hujaangalia oili. Kwenye nyingi kuna sumaku ndogo nchani, na juu yake utakuta tope la kijivu, laini kama masizi yaliyokandwa na mafuta. Lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa laini lote, ni uchakavu wa kawaida. Ukihisi punje, zitafute kwenye mwanga. Kipande chenye ukingo mkali ni jino au beringi, na hapo habari ya oili imekwisha, giaboksi inafunguliwa. Baada ya hapo tazama beseni: zungusha oili taratibu juani. Vumbi la dhahabu linalometameta ni shaba ya sinkronaiza. Kidogo utakikuta kwenye kila giaboksi yenye umri. Kama beseni zima linang'aa kama limenyunyiziwa pambo, unajua kwa nini gia ya pili inakwaruza. Mimi niliiona dhahabu hiyo siku niliyoitoa GL-5 yangu. Haikuwa nyingi, ila ilinitosha.

Acha itone mpaka itone mara moja moja. Weka washa mpya, ya shaba au ya alumini, kwa sababu ile ya zamani imeshabonyea na haitaziba. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Nyumba ya giaboksi ni alumini, na nyuzi zake zikichanika utajuta kwa muda mrefu.

Kujaza kuna njia mbili. Pampu ya mkono inafanya kazi popote, ila oili ya 90 ikiwa ya baridi inaisukuma kama asali, na mikono inachoka. Lizamishe kopo kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza. Njia ya pili ni mpira mrefu wenye faneli, unaoushusha kutoka upande wa injini hadi tundu la kujazia, ukaacha uzito wa oili ufanye kazi. Ni ya polepole lakini safi, na ukiwa peke yako ndiyo ninayoipendelea, mradi nafasi ya kupitisha mpira ipo.

Kwenye giaboksi nyingi kipimo ni tundu lenyewe: oili ikianza kuchuruzika nje, ngoja uchuruzi ukome, ingiza ncha ya kidole, uiguse oili palepale ukingoni. Magari madogo mengi huchukua kati ya lita 1.5 na 3. Giaboksi chache hupimwa kwa namna nyingine, usawa ukiwa chini ya tundu, na hapo lita za kitabuni ndizo hukumu. Usizidishe kwa kuinamisha gari ili "iingie nyingi": oili inayozidi hupigwa na meno ikatoa povu, na hutafuta njia kupitia sili, ikaweza kufika kwenye klachi. Pungufu nayo ni mbaya kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kwenye giaboksi nyingi gia ya tano imekaa mwisho kabisa wa shafti, mbali na bwawa la oili, nayo ndiyo ya kwanza kukauka ukiwa kwenye mwendo mkubwa.

Oili ya zamani imimine kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke panapopokelewa oili chafu. Usiichanganye na maji wala petroli, maana oili iliyochanganywa haikubaliki.

Baada ya hapo endesha kilomita chache, ukipita gia zote, na ya kurudi nyuma pia. Usitarajie muujiza saa hiyo. Mimi nilipoirudisha GL-4, gia ya pili iliendelea kukwaruza kwa siku nne au tano, ikapungua, kisha ikabaki kusikika asubuhi zenye baridi tu. Pete zilikuwa zimeshalika kiasi. Kesho yake nilirudi chini ya gari na karatasi ya chooni, nikaifuta bolti ya chini na ya juu, nikaitazama karatasi. Ilikuwa kavu.